Sura Moja Kila Asubuhi

Mwenye nyumba wangu hapa Susuni hafungui zizi kabla hajasoma sura moja ya Biblia. Moja tu, haongezi. Huketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kidole chenye ukucha mweusi kikitembea chini ya mstari, akisoma kwa sauti kama anayewaita ng'ombe kwa majina. Akimaliza huchomeka kijiti cha kiberiti kwenye ukurasa na kusema, "Mengine Mungu anajua." Mimi, mwalimu niliyeletwa huku na kazi, niliionea wivu imani hiyo.

Juzi alfajiri dume lake kubwa la ng'ombe halikuwepo. Majirani walifika na fimbo ili wafuate nyayo, maana huku boma ambalo nyayo zinaishia kwake ndilo linalojibu kwa wizi. Wingu lilikuwa zito, na nyayo zilishika njia inayokwenda kwa mwanawe wa kwanza.

"Mzee, twende, mvua itazifuta," alisema jirani yetu Nchagwa.

"Ngojeni nisome."

Hakuna aliyethubutu kumkatiza mtu na Neno. Akasoma sura yake. Kijiti akabaki nacho mkononi, akaingia ya pili, kisha ya tatu, polepole, kidole kikirudi nyuma kila alipojikwaa. Matone yakaanza kupiga bati. Mvua iliposhika kweli, ndipo akachomeka kijiti.

"Mengine Mungu anajua," akasema, akiiangalia njia ikijaa maji.

Majirani wakaitikia amina. Nami nilifungua kinywa niitikie, nikawa sijui naitikia nini.