Diski ya Mama Inakata Roho

Mke wangu ni fundi wa kompyuta, na ulimi wake una makali kuliko bisibisi zake. Mteja akiingia kibandani na kusema, "Imejizima tu yenyewe," yeye huuliza, "Na chai nayo imejimwagia yenyewe?" Wanamwita Bi Msasa. Wananuna, wanaondoka, halafu wanarudi, maana mashine iliyomshinda yeye ni ya kutupa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukanyaga pale: mama yangu. Alishikilia kwamba mwanamke anayefungua kila kitu, ipo siku atafungua na ndoa. Mama alikuwa mpiga taipu ofisini, na tangu astaafu huandika kwenye kompyuta yake yote yaliyotokea kila siku. Siku hizi anasahau. Asubuhi husoma ya jana ndipo ajue kama alikunywa dawa na kama aligombana na mtu. Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kuwaka nusu na kuzimika, niliingiwa na hofu, nikaamua kusaidia. Niliiwasha na kuizima mara ishirini hivi, kisha nikaizaba kofi.

Haikupona, ikabidi Mama akubali kwenda nami kibandani. Tulipoifikisha, mke wangu aliiwasha mara moja tu, akasikia diski ikigonga ko, ko, ko, akaizima.

"Diski inakata roho, na wewe unaichezesha kwata! Ukiigusa tena nakuzima wewe."

Akafungua mfuniko. Matundu ya hewa yalikuwa yameziba kwa nyuzi, maana Mama aliifunika mashine kwa kitambaa usiku na mchana, hata inapofanya kazi, isiingie vumbi.

"Mama, umeipika hii."

"Kitambaa si ulinifumia wewe?"

Bi Msasa akakosa la kusema. Miaka saba ya ndoa, mimi sijawahi kufanikiwa hivyo.

Aliichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akaanza kunakili faili kwenye diski mpya, akiipumzisha kila iliposuasua. Ilichukua kutwa nzima. Mama alikaa kwenye stuli, ameukumbatia mkoba wake, nami nilimwonea huruma.

Jioni mke wangu akasema, "Zimetoka. Ila lazima tufungue moja tuone kama ni nzima. Chagua, Mama."

"Humo mna mambo."

"Chagua tu."

Mama akachagua siku ya harusi yetu. Kwa nini hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Mke wangu akasoma kwa sauti: "Mwanangu ameoa leo. Bibi harusi ana mdomo. Sijampenda, na viatu vyake vibaya."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Imefunguka vizuri," mke wangu akasema. "Na viatu kweli vilikuwa vibaya. Tuone ya mwisho."

Mama akainua mabega.

"Nikija kusahau yote, kompyuta hii apewe mkamwana." Mke wangu akaendelea kusoma. "Ana mdomo, atanisomea bila kuruka. Mwanangu asipewe. Ataruka mabaya ili nisiumie, na mimi nayataka yote."

Mama akaisogelea skrini. "Hayo niliyaandika lini?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema ni ya zamani sana.

"Juzi, Mama," mke wangu akamjibu, akamshika mkono.