Ukurasa na Droo

Fundi wa tovuti alimchosha roho dada wa mauzo aliyekaa meza ya pili. Tangu asubuhi fundi anavuta ukurasa wa tovuti kwenye simu, anauachia, anasonya: kidole kikiinuka tu, ukurasa unaganda palepale. Kisha anaisukuma droo ya meza yake, anaitazama ikiteleza yenyewe, ikipunguza mwendo mpaka itulie. Anarudi kwenye kompyuta kuandika upya msimbo wa ukurasa ule.

"Unaona, dada? Droo haigandi."

"Kaka, mteja yuko mlangoni, wewe unacheza na droo! Hebu lete hiyo simu!"

Akampokonya, akavuta, akaachia. Ukurasa ukateleza wenyewe kama ile droo, ukapunguza mwendo, ukatulia taratibu. Akavuta tena.

Mteja akakohoa.

"Subiri kidogo," dada akamwambia bila kuinua macho, akavuta tena.