Bomba la chuma chumbani kwa Neema

Leo asubuhi mwenye nyumba wetu hapa Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu, alikuja kumfukuza mpangaji kwa kosa la kuchimba dhahabu chumbani.

Mpangaji ni Neema, jirani yangu wa ukuta mmoja. Ushahidi wa mzee: vishindo kila jioni, bomba la chuma na zulia lenye vitobo.

"Shikamoo baba. Mimi nacheza tu."

"Marahaba. Unacheza na bomba?"

Neema alivaa viatu vya mchuchumio, akalishika bomba lililosimama kutoka sakafuni hadi darini, akazunguka hewani, akatua.

Kishindo kilikuwa kile kile. Kisigino kikaacha kitobo kipya kwenye zulia.

Mzee aligeukia ukutani. "Inatosha mwanangu, nimeona. Lakini zulia litoke."

Tukalikunja. Simenti ilikuwa nzima, haina hata ufa. Neema amebaki na chumba chake.

Nilitegemea mzee afurahi. Badala yake alipiga magoti, akagonga sakafu kwa ngumi, akasikiliza.

"Kumbe hata hapa hakuna kitu," akasema, na kuondoka.

Hata hapa?

Mimi nilipohamia, chumba changu kilikuwa na kiraka cha simenti mpya katikati ya sakafu. Nyie mnaonaje?