Tumbo Lililosimamishwa Mpakani

Juzijuzi asubuhi, kwenye foleni ya mpaka wa Rusizi, mwanamke afisa wa forodha alimsimamisha mama mmoja mchuuzi aliyekuwa mbele yangu. Uso wa mama huyo ulikuwa umekonda, lakini tumbo limejaa. Hapa kwetu tumbo la namna hiyo lina maana moja: vikwembe, yaani vitenge vya magendo, vimefungwa kiunoni ili kukwepa ushuru.

"Maman, unaficha nini mu tumbo?"

Foleni nzima tukacheka. Yule mama hakucheka. Aliushika mkono wa afisa, akauweka juu ya tumbo lake.

"Gusa. Hakuna kitu. Ni tumbo yangu tu."

Afisa aligusa, na hakuuondoa mkono haraka.

"Ilianza kuvimba lini?"

"Toka Pasaka. Nakulaka kidogo tu, nashiba."

"Na bwana yako anasema nini?"

"Anasema nimenona."

"Uende hospitali, Maman. Leo."

"Tomati yangu itaoza," akajibu, akajitwika beseni lake la nyanya, akavuka.

Tangu hapo situlii. Muuguzi niliyemuuliza alisema tumbo linalovimba bila kupungua, pamoja na kushiba upesi, huenda likawa jambo dogo, au huenda likawa kansa ya ovari, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Kila nikifika mpakani namtafuta yule mama kwa macho.

Toka Pasaka, nyumbani, sokoni na kanisani, watu wameliona tumbo lile bila kuuliza. Aliyeuliza ni yule afisa tu, naye alikuwa anatafuta vikwembe.