Mtani Niliyemkamata Msibani

Namshukuru mwanamke niliyemkamata. Sisemi hivyo kujipamba. Ningetaka kujipamba nisingeanza na kisa hiki.

Nilikuwa mgambo wa kata hapa Tabora. Kazi yetu ilikuwa kuamua ugomvi wa kilabuni na kuwaambia watu wapunguze redio, basi, kila mtu kwake. Halafu akaja mkuu mpya na ubao wake: kila mgambo, wakorofi watano kwa wiki. Fujo, uzururaji, lugha ya matusi. Anayepungukiwa, mkataba wake hauongezwi. Tukaacha kuwafuata wanaopigana, maana wale wana mbio na wana ngumi. Tukawaendea waliokaa.

Ijumaa moja nilikuwa na wanne. Nikapita kwenye msiba wa mzee mmoja, Mnyamwezi mwenzangu. Uani palikuwa na mama wa Kizaramo, mtani wetu, amevaa koti na kofia ya marehemu, anachechemea kama yeye, anafoka: "Mchoyo huyu! Kafa ili asitupikie! Mzikeni upesi kabla hajaghairi!" Mjane alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nimekulia Sikonge, nimeona watani wakilala kaburini wakigoma kutoka. Tangu enzi za wapagazi wa misafara, watu wetu na wa pwani wanataniana hivyo. Lakini nilihitaji wa tano. Nikamshika mkono. "Lugha ya matusi hadharani. Twende."

Alidhani natania. "Haya, mtani, leo umenikomesha!" Alicheka njia nzima, koti la marehemu likimpwaya mabegani. Alipoona nafungua daftari kweli, akaivua ile kofia.

"Mtani," akasema taratibu, "wanazika saa kumi. Nani atamsindikiza?"

Niliandika. Mkuu akaweka alama ubaoni, akanipigapiga begani. Mama wa watu aliachiwa Jumapili. Mzee alikuwa amekwisha kuzikwa kimya, kama mtu asiye na watani. Mimi mkataba wangu ukaongezwa. Lo, nilijiona mtu!

Mwaka haukuisha, mama yangu akafariki. Nilijua hakuna mtani atakayekanyaga kwangu, na nilistahili. Nilikaa mkekani, macho makavu, watu wananong'ona tu. Mara nikasikia mlangoni sauti ya mama ikiniita kwa ukali, vilevile alivyokuwa akiniita nikichelewa na maji. Nikainuka kabla sijafikiri.

Alikuwa yeye. Mama Mzaramo, ambaye kwa miaka alikuwa akiuza viazi pamoja na mama yangu, amejifunga khanga ya marehemu, mwiko mkononi. "Mgambo mvivu wewe! Mama yako kafa kwa aibu ya kukuzaa! Toa daftari uniandike! Wiki hii unapungukiwa na wangapi?"

Nilicheka. Jamani, nilicheka mbele ya maiti ya mama yangu, na kicheko kikafungulia kilio chote nilichokuwa nimekibana tangu alfajiri. Nikapiga magoti nikamshika miguu.

"Shikamoo, mtani. Nisamehe."

"Marahaba," akasema, akinivuta mkono. "Inuka basi. Wanazika saa kumi, na safari hii nataka kufika."