Ombi la Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini husali huku kazi ikiendelea, pini mdomoni na mguu kwenye pedali, na kila ombi, hata la uzi usikatike, hulifunga chapuchapu: “Kwa jina la Yesu, amina.” Juzi alisikia mteja wake wa miaka mingi amempa fundi wa ng'ambo ya barabara kazi ya kushona gauni la harusi la bintiye. Akatema pini, akafumba macho. “Bwana, gauni lile limbane bibi harusi ashindwe hata kupumua, kwa jina la...” Mguu ukasimama. “Aa, hili Yesu mwenyewe hawezi kuliomba,” akanong'ona kwa aibu. Akashusha pumzi. “Haya, limkae vizuri. Kwa jina la Yesu.” Kisha akavuka barabara kumweleza fundi mwenzake kwamba bega la kushoto la binti yule limeshuka kidogo.