Mkono wa Baba Mkwe

Tangu aolewe kijijini Ekerenyo, Phanice hakuwahi kumgusa baba mkwe wake, Mzee Nyakundi, hata kwa ncha ya kidole. Kwa Wagusii hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya wakwe, na ole wake aivunjaye. Walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akiyatazama majani ya chai kana kwamba ndiyo yaliyomsalimu, na miaka ikapita kwa amani.

Kisha korona ikapamba moto. Phanice, aliyekuwa muuguzi, akapewa kazi ya kutundika dripu za kingamwili katika hema nyuma ya zahanati. Wagonjwa waliingia, wakatiwa dawa, wakarudi makwao. Lakini dawa ilifaa mapema tu. Pumzi zikishaanza kukatika, ni kazi bure. Siku hiyo mwenzake, Ogari, alikuwa ameugua, kwa hiyo Phanice alibaki peke yake.

Ndipo mumewe, Cleophas, akamleta babake akikohoa.

"Nesi ni nani huko ndani?" mzee akauliza mlangoni.

"Ni mgeni, Tata, ametoka mjini," Cleophas akadanganya bila haya. "Hatumjui."

Phanice alisikia. Gauni la plastiki, barakoa na miwani vilimficha. Sauti ndiyo ingemsaliti, basi akanyamaza. Aliogopa mzee akimtambua atang'oa sindano aende zake, maana ukaidi wake ulijulikana hadi Nyamira mjini. Aliogopa zaidi kwamba asipomchoma, watamzika. Akaushika ule mkono. Ulikuwa wa moto, tena mwembamba kuliko alivyodhani, na mshipa akaukosa mara ya kwanza. Mzee hakulalamika. Aligeuza uso kuelekea turubai la hema, akabaki hivyo hadi dawa ikaisha.

Phanice akachomoa sindano, akabana pamba.

"Nesi," mzee akasema, uso bado umeelekea turubai, "mimi niko na mke wa mwanangu, anaitwa Phanice. Nikikufa, watu wasije wakasema ni chinsoni imeniua, eti alinigusa. Uwaambie ni mimi nilimpa mkono."

 Damu ilikuwa imeshakauka, lakini Phanice aliendelea kuishikilia ile pamba.